Misali na maji mafu

SWALI: Assalaam alaykum. Tuko jamaa wanane, watatu watoto. Tunataka kwenda kisiwa cha Misali, hapa Pemba, Jumamosi itakayoangukia tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, tuogelee kwenye matumbawe, turudi siku hiyo hiyo. Tujitayarishe vipi? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Kwanza, ibadilisheni hiyo tarehe. Tarehe 15 ni bamvua, siku maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida. Maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, wakati ndio kwanza mnafika, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Mtashushwa mbali, mtembee juu ya mwamba na mizigo kichwani, na maji yakianza kupanda mkondo huwa mkali kwa watoto. Jumamosi ya pili yake ni tarehe 22, maji mafu: hujaa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hayakupwi mbali, na mkondo hupungua. Msimu mzuri ni maleleji, kipindi cha upepo mdogo cha Oktoba na Novemba, upepo wa kusi ukishatulia, ijapokuwa vuli huweza kuwanyeshea.

Mashua ya mashine mtaipata Wesha, bandari iliyo karibu na Chake Chake. Patanani bei ya chombo kizima, kisha muulizeni nahodha waziwazi: kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo? Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Maboya ya kuvaa yahesabiwe nchi kavu, manane, na ya watoto yawe ya kimo chao. La mtu mzima humvuka mtoto kichwani akitumbukia.

Msitegemee maji ya kunywa kisiwani. Lita tatu kwa mtu ni lita 24: dumu la 20 na chupa nne za lita moja moja. Chakula kibebwe kimeshapikwa, na taka zirudi nanyi Wesha. Viatu vya mpira ni lazima, jiwe la mwamba hukata kama wembe.

Misali imo katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba tangu 2005, na ipo sehemu isiyovuliwa kabisa, kwa hiyo mishipi iacheni nyumbani. Kwenye matumbawe eleeni tu, msisimame: tawi likivunjika huchukua miaka kurudi. Makombe yabaki yalipo. Kasa na ng'amba hutaga pale. Mkikuta mburuzo wao mchangani msiukanyage, maana walinzi huufuata kukijua kiota kilipo.

Saa tisa muwe chomboni.