Nimezungukwa na familia, rafiki wa rika langu sina

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26. Nilihamia Kiembeni, Mombasa, miezi saba iliyopita baada ya kupata kazi mjini, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ploti yetu ina nyumba nane, na saba kati yake ni za mume, mke na watoto. Majirani ni wema, ila maongezi yao ni karo na waume. Jumamosi mbili nimeachiwa watoto kutwa nzima. Siku nyingine nalala hadi adhuhuri na simu mkononi. Je, nihamie Nyali? – Mpweke wa Kiembeni*

Marahaba, mwanangu. Usihame bado. Kodi ya Nyali itameza pesa ambazo ungezitumia kutoka na watu, na kwenye fleti za geti na mlinzi ni vigumu zaidi kumpata wa kumpigia hodi.

Vijana wa rika lako Kiembeni wapo. Huwaoni kwa sababu hawaishi peke yao kama wewe. Wamo ndani ya familia hizo hizo: mdogo wake jirani anayesomea uuguzi, binamu aliyekuja kutafuta kazi, mwalimu mgeni aliyepanga chumba cha uani. Wa kukufikisha kwao ni hao akina mama unaowaona kama ukuta.

Anza na sahani. Jumamosi asubuhi nunua mahamri kumi na mbaazi za nazi, utie nusu kwenye sahani yako nzuri, umpelekee jirani mmoja. Mmoja tu, yule anayekujibu salamu kwa kusimama. Sahani kwetu hairudi tupu, kwa hiyo wiki hiyo hiyo mtaonana tena. Akiirudisha, usiipokelee mlangoni, mkaribishe akae, kisha umwambie wazi: "Dada, hapa sina mtu wa rika langu wa kutembea naye. Huna mdogo wako au mtoto wa ndugu anayependa kutoka?" Usione haya. Miezi saba wameuona mlango wako umefungwa, na huenda wanadhani ndivyo unavyopenda.

Ukienda kwao, nenda kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Mapema zaidi watu wamejilaza, na magharibi kuna swala, kuogesha watoto na chakula cha usiku. Dakika 40 zatosha. Mume akiwepo, msalimie kisha uendelee na mkewe, na namba ya simu chukua ya mke. Binti anayeishi peke yake huangaliwa sana mtaani, na shaka ikishaingia ndani ya nyumba moja, saba zote zitakufungia.

Kuhusu watoto, sema kabla hujaachiwa: "Nitakaa nao kuanzia saa nne hadi saa sita, kisha natoka." Ikifika saa sita, toka kweli, hata kama ni kwenda kununua nyanya. Ukiongeza saa moja ya huruma, Jumamosi ijayo utaletewa na wa jirani wa pili.

Mtaani kukiwa na harusi, usingoje kadi. Nenda siku moja kabla, baada ya alasiri, umejifunga leso na kisu chako mkononi, maana visu huwa havitoshi. Utawakuta wamekaa mikekani, sinia la vitunguu katikati, maganda yamejaa beseni. Wakubwa wako kwenye mchele na viungo. Vitunguu na thomu wameachiwa mabinti. Kaa hapo hapo. Mikono ina kazi, macho yanawatoka machozi nyote, na hakuna anayelazimika kutafuta la kusema. Saa tatu za kumenya zitakupa majina matano. Anayekuja kesho yake pamoja na wageni hula pilau kando ya mtu asiyemjua, akarudi kwake vile vile.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: hesabu ya muda. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti uliowahusisha watu waliohamia mahali papya. Alikadiria kwamba kwa mtu uliyemjua juzi zinahitajika saa 50 hivi za kuwa naye ili awe rafiki wa kawaida, 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa kufa na kuzikana. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama za mapumziko, ndiyo maana wenzako wa ofisini bado ni wenzako wa ofisini tu. Mkikutana saa tatu kila wiki, saa 50 zinatimia kwa wiki 17. Mkikutana mara moja kwa mwezi, ni karibu mwaka na nusu. Basi usiyahesabu maongezi baridi ya mwezi wa kwanza kuwa ni kukataliwa.

Kwa hiyo tafuta watu wale wale, siku ile ile. Dini yako hukuitaja, lakini kwaya au darsa ina hilo tayari. Mji wa Kale kuna Swahilipot Hub, ambako vijana wa sanaa na teknolojia hukusanyika. Chagua shughuli inayojirudia, uache semina ya siku moja.

Wengi huanza na matembezi ya ufuoni Pirates. Ni pazuri, ila yajue maji. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, hivyo Jumapili hii yakiwa yamekupwa saa kumi jioni, Jumapili ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa na pa kutembea hapana. Mtu akifika akakuta mawimbi yanapiga ukuta, wiki ya tatu haji. Panga wiki moja ufuo, wiki ya pili bustani ya Mama Ngina, mle kachri za muhogo mkitazama meli zikiingia. Na usiseme "tutaonana siku moja". Sema: "Jumapili saa kumi nakupitia."

Ukialikwa kwenye chama, uliza kwanza kama mnakutana. Chama cha kutumiana kwa M-Pesa kitakuwekea akiba, lakini nyuso za wenzako hutaziona. Tafuta kinachozunguka nyumba kwa nyumba, na mchango usizidi kiasi ambacho kikipotea hutagombana na mtu.

Jumamosi hii iwe ya mahamri. Jumamosi nne zikipita niandikie tena, uniambie sahani ilirudi na nini, na nani aliileta.