Mtumbwi mdogo na bata: niliyobadilisha, na yaliyonizamisha

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una mtumbwi wa faibaglasi wa futi 12, shemeji yako aliye Minnesota, Marekani, anakutumia video za watu waliojifunika majani wakiwinda bata kwa mitumbwi kama huo, na unataka kujua ubadilishe nini nawe uingie nao Ziwa Naivasha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wangu nimeubadilisha mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikosea.

Bunduki isahau. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema wazi kwamba kuwinda kwa kujiburudisha ni kosa. Usimsikilize mzee wa baa atakayekuapia kwamba ndege hawamo. Hata huko kwa shemeji yako, ambako ni halali, mambo si holela. Lazima anunue stempu ya bata, yaani kibali cha kuwawinda, ambayo sheria yake ni ya 1934 na fedha zake hununua ardhi oevu. Marisau yake, vile vipira vidogo vya bunduki, sharti yawe ya chuma au madini mengine yasiyo sumu, kwa sababu yale ya madini ya risasi yalikatazwa kwa bata nchi nzima mwaka 1991. Ndege walikuwa wakiyaokota matopeni kama changarawe na kufa kwa sumu. Na akiwa na injini, aizime na chombo kiishe mwendo ndipo afyatue.

Mimi nawinda kwa kamera, na kazi ya mtumbwi ni ile ile: kumfikia bata akiwa bado anakula. Tena kwa kamera ni kazi ngumu zaidi. Mwenye bunduki hutosheka na mita 30. Lenzi yangu ya milimita 400 inataka mita 15 hadi 20 ndipo manyoya yaonekane moja moja.

Kosa langu la kwanza ni hilo ninaloliona linakuja kwako: nilianza na kujificha. Mtumbwi wangu ni wa futi 13, upana sentimita 80 hivi, niliuziwa mtaani Karen, Nairobi, na familia iliyokuwa ikihama. Nikaupeleka kwa fundi Kariobangi, akanichomea matao manne ya chuma, nikayavisha neti ya kijani na matete. Ulipendeza. Ulifanana na kibanda cha mama mboga kilichong'olewa na mafuriko. Nikaupeleka kwenye bwawa la shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, mwenyewe alikuwa amenipa ruhusa. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chake cha asili, juu, kama bwana harusi. Salili, aina ya bata, kama kumi na wawili walikuwa ukingoni wakipiga mluzi wao. Nikageuka ubavu kuwalenga, upepo ukaingia kwenye neti kama tanga, na mambo yakaishia hapo. Maji yalikuwa ya kifuani tu, lakini neti ilinizinga mguu na nilikaa chini muda wa kutosha kuanza kutubu. Kamera ilikwenda jumla.

Kwa hiyo anza na utulivu wa chombo. Majani yatakuja mwisho.

Ng'oa viti. Vimetengenezwa kwa mtu anayepiga kafi safari ndefu na anataka kunyoosha miguu. Wewe unataka kiuno chako kiwe chini kadiri inavyowezekana. Wangu vilikuwa sentimita 25 juu ya sakafu, sasa nakaa sentimita 6 tu. Watu wa Pwani husema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma ya chombo au mbele, mwisho utarudi tumboni mwake, nami nimerejea ngamani kihalisi. Mahali pa kukalia usiweke sponji ya godoro, hunywa maji na asubuhi ya Naivasha utakaa kwenye barafu. Chukua mikeka miwili ya mazoezi, ile ya povu gumu, ikunje na uibandike. Mkeka wa tatu utandaze sakafu nzima hadi mbele. Huo ni wa sauti, nitaueleza.

Halafu uzito wa omo. Ukiwa peke yako unakaa nyuma ya katikati, na omo inainuka, kila kipepo kinakugeuza. Wengine huweka mawe. Usiweke. Weka jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji na uifunge mbele. Ni kilo 20 zile zile, lakini mtumbwi ukipinduka maji ndani ya maji hayana uzito, wakati jiwe litakuvuta kwenda nalo. Chini ya sitaha ndogo za omo na tezi funga jerikeni tupu, vifuniko vikazwe na kuzibwa kwa gundi. Kila moja ya lita 20 inabeba karibu kilo 20, kwa hiyo nne zinatosha kuuweka mtumbwi uliojaa maji juu huku wewe umeushika.

Kuna suala la mirengu kama ya ngalawa, vile viegemeo vya pembeni vinavyozuia kupinduka. Niliitengeneza mabadiliko ya pili: mabomba mawili ya plastiki ya inchi 4, urefu mita 1.2, yamezibwa ncha zote, yamefungwa kwenye mti unaopita juu ya mtumbwi. Kila bomba linabeba kama kilo 11. Huo si uzito wa kukuinua, lakini unatosha kukuonya kabla hujafika pabaya. Kosa langu hapa lilikuwa kuyashusha hadi yaguse maji. Yalikuwa yakipiga chapu, chapu, chapu, na bata wakinisikia kabla sijawaona. Yapandishe sentimita 5 juu ya maji yaguse tu unapolala upande. Na kwenye mafunjo yavue kabisa, yananasa. Siku hizi naitumia kwenye maji ya wazi tu, na kwa mwenzangu mzito ambaye hajui kutulia.

Wenye bunduki wana kanuni ambayo nasi inatufaa: hawafyatui kwa ubavuni, hupiga kuelekea omo, kwa sababu teke la bunduki kwa upande hupindua. Lenzi haina teke, lakini wewe ukiipeleka pembeni na kichwa kikaifuata, kilo zako zimehama. Geuza mtumbwi, usigeuze kiuno. Kamera iegemee mbele yako juu ya mfuko wa kitenge uliojazwa choroko nusu. Choroko zinakaa vizuri kuliko mchanga, na ukikwama unazipika.

Rangi ni jambo la mchana mmoja. Piga msasa hadi mng'ao wote uishe, paka rangi isiyong'aa ya majani makavu, si kijani. Mafunjo ya ukingoni nusu yake ni ya kahawia mwaka mzima. Paka ndani pia. Na paka kafi pande zote mbili! Kafi jeupe lililolowa linamulika kama kioo kila unapoliinua. Nilipoteza asubuhi nyingi kabla rafiki aliyekuwa nchi kavu hajaniambia alikuwa akiniona nikimetameta kutoka mbali.

Sasa sauti, ambayo naamini ni kubwa kuliko rangi na majani ukivijumlisha. Faibaglasi ni ngoma. Chupa ya maji ikidondoka sakafuni, bwawa zima limesikia. Ndiyo maana ya ule mkeka wa tatu. Funga kila kitu. Funguo zibaki kwa anayekusubiri ukingoni. Mfuko wenye ule mkanda wa kunatana unaochanika kwa mlio, uache nyumbani. Ukikaribia usipige kafi kwa kuliinua. Lizungushe ndani ya maji bila kulitoa, au tumia pondo pale penye kina kifupi, ncha yake umeivisha kipande cha tairi la baiskeli.

Kificho chenyewe, kwenye mabadiliko ya tatu, kimekuwa kitu kidogo kuliko vyote. Fito mbili za mianzi, neti ya kahawia niliyoiokota mitumba ya Gikomba, matete makavu machache. Kimo ni sentimita 40 juu ya ukingo, mbele yangu tu. Nyuma na juu ni wazi. Neti imeshikwa kwa vibanio vya nguo ili ikivutwa itoke. Kamwe usiifunge kwa kamba, na usikae chini ya kitu usichoweza kukitoka kwa pumzi moja. Jaketi la kuelea livae juu ya yote. Hata kama ni la rangi ya chungwa, livae.

Kwenda kwao ni somo jingine. Usimwendee bata kwa mstari ulionyooka, hicho ndicho anachofanya adui. Pita kana kwamba una safari zako, kata upande, simama, acha upepo ukusogeze. Wakiinua shingo zote kwa pamoja na kuacha kula, umevuka mpaka; tulia dakika tano. Wakirudisha vichwa majini, sogea. Huruka wakielekea upepo unakotoka, basi ukiwa huko, jua liko mgongoni mwako, watakuja usoni pako. Kwa wageni wa Ulaya na Asia, kama bata koleo mwenye mdomo mpana, njoo kati ya Novemba na Machi. Mwenye mdomo wa njano na mwenye mdomo mwekundu hao ni wenyeji, wapo mwaka mzima.

Wapi? Bwawa la Nairobi lisahau, gugu maji limelimeza na maji yake hutaki yakuguse. Ondiri kule Kikuyu ni blanketi la majani juu ya maji, mtumbwi haupiti. Manguo pale Limuru na mabwawa ya majitaka ya Ruai yana bata wa kutosha, ila watazame ukiwa nchi kavu. Jifunzie mabwawa ya mashamba Kiambu na Thika, kwa ruhusa. Angalau miezi mitatu kabla ya Naivasha.

Kwa sababu Naivasha kuna viboko, na hapa sitanii. Usiku hutoka kula nchi kavu, alfajiri wanarudi majini, saa ile ile ambayo wewe unataka kuteremsha mtumbwi. Mimi siingii hadi jua limepanda na nimekwenda na mwendesha mashua wa pale anayejua kundi liko wapi leo, sio wiki jana. Usipite kati ya kiboko na kina kirefu. Usiingie kwenye mafunjo usiyoyaona mwisho wake, hata kama bata wote wa dunia wamo. Mtumbwi uliopakwa rangi ya majani, usio na sauti, ulio chini majini: kila kitu nilichokueleza hapo juu kinakufanya mtu wa kumshtua kiboko, na kiboko aliyeshtuka hana mazungumzo. Kwa hiyo kwenye maji yake nagonga ukingo wa mtumbwi kwa makusudi kila baada ya muda mfupi. Bata wananikimbia, sawa. Saa tano upepo ukianza kuamka niwe nimeshatoka, maana mchana ziwa lile hugeuka bahari.

Usafiri ni wewe na gari lako la Probox. Futi 12 zinakaa juu bila shida, ugeuze uso chini, mikanda miwili katikati na kamba omo na tezi hadi chini ya bampa, la sivyo upepo wa mteremko wa Mai Mahiu utakuonyesha. Na ile jerikeni ya lita 20 kumbuka kuimwaga na kuifungua kabla ya kuupandisha. Mimi niliisahau, tukainua watu wawili huku tukilaumiana nani amenenepa.