Damu imekatika, mbona baba haruhusiwi kurudi nyumbani?

SWALI: Baba yangu ana miaka 68. Alikuwa na homa kwa wiki tatu, kisha akakohoa damu kama vijiko viwili. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hakuna kitu. Kipimo cha CT kikaonyesha mshipa mkuu wa damu kifuani umetuna na una maambukizi. Leo siku ya nne hajakohoa damu, lakini madaktari hawamruhusu. Mshipa na kikohozi wapi na wapi?

JIBU: Ni ujirani. Mshipa mkuu, yaani aota, ukitoka kwenye moyo hupinda na kushuka ukiegemea pafu la kushoto na njia yake ya hewa. Bakteria waliomo kwenye damu, mara nyingi salmonela au stafilokokasi, hujishikiza pale ukuta wa mshipa ulipochakaa kwa mafuta. Wanaula, unalegea, unatoa nundu upande mmoja kama tyubu ya baiskeli. Nundu ikigandamana na pafu hutoboa njia ya hewa. Damu kidogo hutoka, kisha donge linaganda na kuziba tundu. Hizo siku nne ni za kizibo tu. Kikiachia, mapafu hujaa damu kwa dakika chache.

Mkiona neno "maikotiki", yaani "ya fangasi", kwenye faili, msidai dawa za fangasi. Daktari William Osler alilitumia mwaka 1885 kwa sababu ya umbo alilokuwa akiliona, lililofanana na fangasi. Visababishi karibu vyote ni bakteria.

Ulizeni kama damu ya kuotesha vimelea ilichukuliwa angalau mara mbili, sehemu tofauti za mwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Isipochukuliwa, dawa hutolewa kwa kubahatisha, na hapa dawa ya mshipani huenda wiki 6 au zaidi. Peke yake haitoshi. Ama kipande kilichooza kikatwe na kuwekwa mshipa mwingine, ama bomba lenye stenti (fremu ya waya) lipitishwe kutokea kwenye kinena. Bomba huziba tundu haraka, ila maambukizi yanabaki pale pale, hivyo vidonge vya antibiotiki huweza kuendelea miezi au maisha yote.

Kabla ya hapo, presha ishushwe, kikohozi kitulizwe, damu ya kuongezewa iwe tayari. Sauti ikianza kukwaruza, semeni: nundu huenda inabana neva ya koo. Damu ikirudi, mlazeni ubavu wa kushoto, pafu la kulia lisifurike, huku mkiita muuguzi.