Fundi wa Sauti Anajibu: Wati 12,000 za Kwenye Boksi

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni askari mstaafu, naishi hapa Bombo. Kijana wangu amenihamishia CD zangu zote za rumba na kadongo kamu kwenye kompyuta ya mezani, na sasa ameanza kaseti za doluka, ngoma yetu Wanubi, za harusi zetu za zamani. Nataka kusikilizia sebuleni. Chumba ni mita nne kwa tano, chini saruji, juu mabati bila dari. Nina shilingi milioni moja na nusu. Dukani Kampala nimeonyeshwa sabufa ya spika tano, boksi limeandikwa wati 12,000. Kijana anasema nianze na kidude kinachoitwa DAC. Mama watoto anauliza, yeye atalala wapi. Ninunue nini? — Afande mstaafu, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, Afande. Mwambie mama atalala nyumbani kwake kama kawaida, kwa sababu hizo wati 12,000 hazipo.

Tazama tena boksi. Karibu na ile namba utakuta herufi PMPO. Hiyo ni hesabu ya wauzaji: wanachukua kishindo cha sehemu ndogo tu ya sekunde, wanajumlisha spika zote, kisha wanaongeza chumvi kadiri wapendavyo. Hakuna kanuni inayowabana. Sasa chukua hesabu ya shuleni. Plagi yetu ya pini tatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa volti 240, hapo zinapita wati 3,100 na kidogo. Wati 12,000 zingetaka ampea 50, na fyuzi ingekatika kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Geuza sabufa yenyewe usome kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utakuta wati 60, au 80. Huo ndio umeme inaokula, na kinachotoka kwenye spika ni pungufu ya hapo. Unachotafuta wewe ni wati za RMS, yaani nguvu ya kweli ambayo spika inaitoa mfululizo, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha RMS muage kwa heshima.

Tena huhitaji nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati moja tu, hutoa kama desibeli 87 ukiwa mita moja mbele yake. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu, basi. Kwa hiyo wati 20 za kweli zinakufikisha karibu desibeli 100, na hapo majirani wameshagonga mlango.

Ushauri wangu: hela nyingi ziende kwenye jozi ya spika mbili nzuri, zile zenye amplifaya ndani yake. Mbili, si tano. Rumba yako ilirekodiwa kwa masikio mawili, gitaa moja kushoto na lingine kulia. Spika tano ni za sinema. Mfano wa ninachokisema ni Edifier R1280T: wati 42 za RMS kwa jozi, na nyuma ina sehemu mbili za kuchomeka waya za RCA, zile za nyekundu na nyeupe, kwa hiyo kompyuta inakaa moja na deki ya kaseti inakaa nyingine bila kuchomoachomoa. Si lazima iwe hiyo. Nenda na flashi yenye nyimbo unazozijua kwa moyo, usikubali kupigiwa nyimbo za dukani. Hizo zimechaguliwa kwa sababu zinadunda.

Ukivutiwa na amplifaya kuukuu za Japani zinazoletwa na mitumba, sikulaumu, mimi mwenyewe nazipenda. Lakini soma nyuma kabla ya kulipa. Ikiandikwa AC 100V, ukiichomeka ukutani kwetu unapata moshi. Itabidi ununue na transfoma ya kushusha volti. Na spika kuukuu zibonyeze taratibu kwa kidole ule ukingo unaozunguka koni: ukiwa wa sponji, joto na unyevu huula mpaka ukavunjika kama biskuti. Ukingo wa mpira hudumu.

Kijana wako ana hoja, ila amekosea mpangilio. DAC ni kidude cha kugeuza namba za kompyuta kuwa sauti, na kompyuta yako tayari inayo ndani. Kasoro yake ni kwamba imebanana na vitu vyenye kelele. Nunua spika kwanza, chomeka kwenye tundu la kijani la kompyuta, fungua sauti bila wimbo wowote, kisha sogeza mausi. Ukisikia mchakaro unaofuata mausi, basi DAC ndogo ya USB itakufaa. Usiposikia kitu, hela hizo nunulia zulia. Nasema kweli: saruji tupu na kuta tupu zinarudisha sauti hovyo, na zulia nene, mapazia mazito na makochi vitabadilisha muziki wako kuliko kidude chochote. Spika zikae umbali wa mita mbili hivi kutoka moja hadi nyingine, usawa wa masikio ukiwa umekaa, zisisukumwe pembeni kwenye kona, maana kona inavimbisha besi. Kuhusu mabati, mvua ikianza hakuna spika itakayoishinda. Zima, omba chai.

Sasa kaseti za doluka, na hapa Afande nakuomba unisikilize kuliko pote. CD ya rumba ikiharibika utapata nyingine. Harusi ya Bombo iliyorekodiwa na mjomba wako haiuzwi popote. Kijana asafishe hedi ya deki kwa spiriti kabla ya kuanza, apitishie sauti kwenye tundu la buluu na siyo la waridi, kwa sababu la waridi ni la maikrofoni na litakwaruza sauti. Ahifadhi kwa FLAC, siyo MP3. FLAC inapunguza ukubwa bila kutupa chochote: saa moja ya CD, ambayo ni kama megabaiti 635, inabaki karibu nusu. Diski ya terabaiti moja itabeba zaidi ya saa 2,500, kwa hiyo ubahili hauna maana. Na MP3 za kibandani asihangaike kuzigeuza FLAC. Kilichotupwa hakirudi, faili tu ndiyo inanenepa. Nakala iwe diski mbili, na moja ikalale nyumba nyingine.

Umeme: weka frijigadi kwa spika na UPS, ile betri ya akiba, kwa kompyuta, kwani umeme ukikatika diski inapoandika, faili huharibika. Radi ikianza kunguruma chomoa kila kitu, frijigadi haizuii radi.

SWALI: Fundi, mimi natumia Bluetooth kutoka kwenye laptopu. Rafiki yangu anasema naharibu muziki. Kweli? — Dada wa Mbale

JIBU: Dada, anakutisha bure. Bluetooth inabana sauti kabla ya kuituma, na kama nyimbo zako ni MP3 za kibandani tayari zimeshabanwa mara moja, kwa hiyo utasikia matoazi yamefifia kidogo. Kwa kupikia na kufulia inatosha kabisa. Ukikaa chini kusikiliza, tumia waya, haugharimu kitu cha kutisha. Waya ukivuma wakati chaja imechomekwa na ukinyamaza ukiichomoa, tatizo huwa ni chaja au waya wa ardhi (earth) wa umeme, siyo spika. Mwite fundi umeme. Na ukitumia simu badala ya laptopu, zima arifa za WhatsApp kabla wageni hawajafika.