Mume wangu hataki hospitali ijue pumzi humkatika usingizini

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 54, na baada ya wiki tatu atapasuliwa ngiri. Miaka miwili iliyopita alipimwa akaambiwa pumzi humkatika usingizini, akapewa mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa puani. Iko kabatini, anasema akiivaa anajiona kama rubani. Usiku anakoroma, mara kimya, nami humpiga kiwiko hadi avute pumzi. Amenikataza kusema hospitalini wasije wakaahirisha upasuaji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Mwambie shemeji kwamba anayejibu ni mtaalamu wa nusukaputi (dawa za kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji) mwenye uzoefu wa miaka 22, na mimi mwenyewe nakoroma, kwa hiyo simcheki. Ila siri hiyo isiingie naye thieta.

Kila usiku anaokolewa na vitu viwili: ubongo wake na kiwiko chako. Akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huziba. Ubongo ukihisi hewa imepungua humgutusha, anavuta pumzi, analala tena. Mwenye hali kali huzibwa hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa, na asubuhi hakumbuki chochote. Sasa dawa za nusukaputi hulegeza koo zaidi, na dawa kali za maumivu kama mofini na pethidini huupumbaza ule ubongo usigutuke. Kiwiko nacho kimebaki nyumbani.

Wagonjwa wengi huogopa meza ya upasuaji. Pale mimi sina hofu sana, maana nasimama kichwani kwa mgonjwa muda wote, na nikijua mapema kwamba koo lake ni jembamba naandaa vifaa vyangu na namwamsha kabisa kabla ya kumtoa mpira wa kupumulia kooni. Ninachoogopa ni saa zinazofuata. Zamani, nikiwa bado mgeni kazini, nilikuwa na mgonjwa kwenye chumba cha kuzindukia. Anajibu maswali, kipimo cha oksijeni kidoleni kinasoma asilimia 97, nikaridhika. Muuguzi akavuta pazia, chumba kikatulia. Niliporudi kuchukua kalamu yangu, kifua hakikuwa kinapanda. Nilimwita kwa jina, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Kumbe maongezi yetu ndiyo yaliyokuwa yakimpumulisha! Tangu siku hiyo mgonjwa wa namna hii simruhusu kutoka mpaka nimemwona akilala peke yake, kimya, bila kusemeshwa. Na namba ya kidoleni siiamini peke yake: mtu akiwa amewekewa oksijeni, inaweza kusoma vizuri huku hewa chafu ikijaa mwilini.

Kwa ngiri, bahati ni kwamba mara nyingi ganzi ya mgongoni au ya sehemu ile inatosha. Ulizeni hilo. Ulizeni pia kama sindano ya mgongoni itachanganywa na mofini, kwa sababu hiyo inaweza kupunguza pumzi hadi saa 24 baadaye. Maumivu yaanzwe na paracetamol, na ibuprofen kama figo na tumbo havina shida.

Kuahirishwa? Mara nyingi hakuna anayeahirisha. Wanabadilisha mpango tu. Mashine itoke kabatini leo, aizoee hizi wiki tatu, na siku yenyewe aende nayo pamoja na barakoa yake. Baada ya upasuaji asilale chali: kichwa kiinuliwe, au alale ubavu. Pombe na vidonge vya usingizi hapana. Akirudi nyumbani msijisahau, kwani usingizi wa ndoto, ambao hulegeza koo kuliko wote, hupungua usiku wa kwanza na kurudi kwa nguvu kama usiku wa tatu. Mashine ivaliwe hata akilala mchana.

(Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupimwa: mkikoroma, mkichoka mchana, mna presha, na shingo inazidi sentimita 40, semeni kabla ya upasuaji wowote.)

Siku ya kuonana na mtu wa nusukaputi, ingia naye, dada. Ataulizwa, "Unakoroma?" Atajibu, "Kidogo." Wote husema kidogo. Hapo ndipo useme wewe.