Mary Chase na sungura asiyeonekana: jibu langu kwa swali la wiki

Swali la wiki hii mmeuliza: je, mtunzi wa vichekesho anastahili kukaa safu moja na watunzi wa tamthilia nzito? Najua wengi watajibu hapana, kwamba vichekesho ni vya kupitisha muda tu, mtu anacheka akitoka mlangoni kashasahau. Mi nasema anastahili kabisa, na sitaki kujibu kwa nadharia, nataka niwaletee mtu mmoja, mama wa Denver huko Marekani anaitwa Mary Chase, aliyeandika mchezo unaoitwa Harvey. Wengi mnaweza kuwa mmeiona filamu yake ya 1950, ile ya James Stewart na sungura, lakini jina la aliyetunga halikumbukwi, na hilo kwa kweli linaniuma.

Huyu mama alizaliwa 1906, familia ya Kiayalandi ya watu wa kawaida tu, wajomba zake wakimsimulia hadithi za kwao za mizimu na viumbe wa ajabu. Akaingia kwenye uandishi wa habari gazeti la Rocky Mountain News akiwa bado binti, akaolewa na mwandishi mwenzie, wakapata watoto watatu wote wa kiume. Mchezo wake wa kwanza ulichezwa Denver 1936 chini ya ule mradi wa serikali wa kuwapa kazi watu wa tamthilia kipindi cha mdororo wa uchumi, mwaka uliofuata ukapelekwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa jina jingine na ukabuma, haukumaliza hata miezi miwili. Mtu mwingine angeacha hapo hapo. Yeye akarudi nyumbani kwake Denver, kwenye watoto na jiko, akaendelea kuandika.

Sasa sikilizeni Harvey ilivyoanza, maana hapa ndo hoja yangu yote ilipo. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili, na jirani yake mmoja alikuwa mama mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo mtoto akauawa vitani. Mary akawa anamwona yule mama kila asubuhi anatoka kwenda kupanda basi la kazini, anatembea taratibu, na akawa anajiuliza, hivi naweza kuandika kitu gani cha kumfanya huyu mama acheke tena? Jiulizeni nyie wenyewe, ni mtunzi gani wa majonzi aliyewahi kujipa kazi nzito kama hiyo? Kumliza mtu aliyefiwa ni rahisi, analia tayari, lakini kumchekesha bila kumdharau na bila kumdanganya kwamba hakuna kilichotokea, hapo lazima uwe fundi.

Ilimchukua kama miaka miwili. Aliandika usiku watoto wakishalala, na alikuwa na jukwaa dogo la kuchezea pale nyumbani, waigizaji wake ni vile vibao vya mviringo vinavyozungushiwa uzi wa kushonea, anavisogeza huku na huku ili ajue nani kasimama wapi na nani anaingia mlango gani. Aliandika, akafuta, akaandika upya mara nyingi sana. Alafu mtu anakwambia vichekesho ni vya kupitisha muda!

Kisa chenyewe ni hivi. Elwood ni bwana wa makamo, hajaoa, mpole kupita kiasi, anamgawia kila anayekutana naye kadi yake na kumkaribisha kinywaji, na popote anapokwenda yuko na rafiki yake Harvey, sungura mweupe mwenye urefu wa zaidi ya futi 6, ambaye watu wengine hawamwoni. Harvey ni pooka, kiumbe wa hadithi za Kiayalandi, sisi tungesema jini mtundu anayejigeuza mnyama. Dada yake Elwood anaitwa Veta, anakaa humo humo kwenye nyumba aliyoachiwa Elwood na mama yao, ana binti wa kuozesha, na kila akialika wageni wa heshima Elwood anaingia na kuanza kumtambulisha Harvey kwa kila mmoja, wageni wanakimbia. Veta akichoka anampeleka kaka yake hospitali ya vichaa, sasa akiwa anamweleza daktari akakiri kwamba kwa kweli hata yeye huwa anamwona huyo sungura mara moja moja, basi daktari akaona hapa mgonjwa ni nani tena, wakamlaza Veta na Elwood wakamwachia kwa heshima zote.

Kuna kipande kimoja nimewahi kukisoma kwa sauti na vijana wa kikundi chetu, nikiwatafsiria papo kwa papo. Mhudumu wa hospitali, jamaa wa mabavu anaitwa Wilson, anafungua kitabu kutafuta maana ya pooka, anasoma kwa kuburuta maneno, roho ya zamani, umbo la mnyama, huwatokea huyu na yule, na katikati ya maelezo hayo hayo kitabu kinamuuliza, na wewe bwana Wilson hujambo? Vijana walikaa kimya kidogo kwanza, yani wakihakiki kama wamesikia sawa, alafu kicheko kikalipuka chumba kizima. Hakuna aliyeanguka, hakuna tusi, hakuna mwanaume aliyevaa gauni. Sentensi moja tu imewekwa mahali pake, na ghafla hata wewe uliyekaa kwenye kiti huna uhakika tena kama Harvey hayupo.

Mchezo ulifunguliwa Broadway tarehe 1 Novemba 1944, vita bado inaendelea. Mwongozaji alikuwa Antoinette Perry, naye mzaliwa wa Denver, ndiye yule ambaye tuzo za Tony, zile za tamthilia za Broadway, zimepewa jina lake baada ya kufariki 1946, na mtayarishaji Brock Pemberton, wawili hawa hawa waliokuwa na Chase kwenye ule mchezo uliobuma 1937. Elwood alichezwa na Frank Fay, mchekeshaji wa zamani ambaye pombe ilikuwa imemshusha sana, na Veta alikuwa Josephine Hull, ambaye baadaye alipata Oscar kwa nafasi hiyo hiyo kwenye filamu. Ulichezwa mpaka Januari 1949, maonyesho 1,775. Haki za filamu zikauzwa dola milioni 1, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa hela ya kutisha.

Na 1945 Chase akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani kwa watunzi wa tamthilia. Hapa ndo wabishi wanaponishika shati, maana mwaka huo Tennessee Williams, mtunzi wa tamthilia nzito, alikuwa ameleta mchezo wake The Glass Menagerie, na wahakiki wa New York tuzo yao walimpa yeye, na mpaka leo kuna watu wanasema Pulitzer ilipotea njia. Mi naipenda sana kazi ya Williams, siwezi kumshusha. Ila nakataa ile hoja kwamba kwa sababu moja inaliza na nyingine inachekesha basi jibu linajulikana. Zote zina mama anayehangaika kumwozesha binti, zote zina nyumba yenye mtu asiyeweza kuishi kama wengine. Chase aliamua tu kuingia kwa mlango mwingine.

Tazameni mwisho wake. Daktari ana sindano ya kumfanya Elwood asimwone Harvey tena, Veta keshakubali, na dereva wa teksi anaingia kudai hela yake. Dereva anamwambia Veta kwamba abiria anaowaleta hapa wakija huwa wanapiga stori, wanaangalia machweo na ndege, wanampa na bakshishi, lakini wakishachomwa sindano safari ya kurudi ni kufoka tu, hakuna bakshishi, hakuna furaha. Atakuwa binadamu wa kawaida kabisa, anasema, na unawajua walivyo. Veta anapiga kelele isimamishwe sindano. Huo ni uamuzi mzito kuliko vifo vingi vya jukwaani, mtu anachagua kumwacha ndugu yake alivyo ijapokuwa atamwaibisha maisha yake yote, na ukumbi mzima unacheka huku koo limekaba.

Baada ya hapo mambo yake hayakuwa laini. 1945 hiyo hiyo alileta mchezo mzito wa mama wa Kiayalandi na ishara za kifo, ukafa baada ya maonyesho 8. Mwaka 1952 akarudi kwa nguvu na Mrs. McThing, mwigizaji Helen Hayes akiwa mbele, na Bernardine ya vijana, kuna kipindi yote miwili ilikuwa inachezwa Broadway kwa pamoja. 1961 akabuma tena. Umaarufu haukumpa raha, pombe nayo ilimsumbua, na baadaye alisaidia kuanzisha nyumba huko Denver ya wanawake wenye shida hiyo. Alifariki 1981, hapo hapo Denver, hakuwahi kuhamia New York.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, na kama kuna kikundi Dar, Nairobi au Mombasa kinatafuta mchezo, huu ombeni ruhusa kwa wenye haki zake mkauweke kwa Kiswahili. Hautaki gharama kubwa, ni sebule moja na ofisi ya daktari, na Harvey mwenyewe hahitaji hata nguo. Kazi kubwa ni kumpata Elwood, msimchukue mchekeshaji anayekodoa macho, mchukueni mtu mpole anayejua kumsogezea kiti rafiki yake na kumsubiri akae. Dereva wa teksi nadhani apewe mtu mzima, sauti ya kuchoka, na asiharakishe.