Picha ya skrini kwa kila hatua? Hapana

Ndugu, umeuliza kama kila hatua ya mwongozo wa programu iwekewe picha ya skrini. Sivyo. "Bofya Hifadhi" inaeleweka yenyewe. Weka picha pale macho yanapopotea: kitufe kidogo kilichojificha pembeni, au dirisha lenye visanduku kumi na cha kutiki ni kimoja tu. Kwenye Windows bonyeza Windows+Shift+S, ukate sehemu hiyo peke yake, uizungushie duara jekundu. Hifadhi kwa PNG, aina ya faili la picha, maana aina nyingine, JPEG, huacha ukungu kwenye kingo za herufi. Namba za simu za watu zizibe kabisa kwa rangi nyeusi. Na tafadhali sana, hatua yenyewe iandike pia kwa maneno: asiyeona husomewa skrini na programu, na picha peke yake haimwambii kitu.